Kilwa: Kutoka Shimoni Hadi Rafuni

Ukipanda basi la alfajiri la kusini kutoka Dar es Salaam, jua linakukuta Mkuranga na njaa inakukuta Ikwiriri. Ukishavuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa, barabara inaingia kwenye mikorosho na vichaka mpaka Somanga, pale ambapo mvua za kimbunga Hidaya ziliikata Mei 2024, mabasi na malori yakalala pande zote mbili. Jirani yangu kitini, mfanyabiashara wa ufuta, aliniashiria dirishani tulipopita hapo. "Barabara hii wanaijenga kila mwaka," alisema. Hakuwa akisifu. Aliponiuliza nakwenda Kilwa kwa shughuli gani, nikamjibu nakwenda kuyaona magofu. Akacheka. "Si yaleyale tuliyopelekwa tukiwa shule?"

Si yaleyale, na hilo ndilo lililonipeleka. Habari za walioijenga Kilwa nilikuwa nimezisoma: masultani wake, dhahabu iliyopandishwa kutoka Sofala, Ibn Battuta aliyetia nanga mwaka 1331 akausifu mji kwa uzuri wake. Safari hii nilikuwa na hamu ya watu wa leo. Nani anazizuia kuta zisianguke? Anafanya kwa fedha ya nani? Na mali yote iliyofukuliwa humo, magunia kwa magunia ya vigae, shanga, sarafu na mifupa, iko wapi, na iko katika hali gani?

Kabla ya kuvuka bahari unakata kibali Kilwa Masoko. Kwa miongo mingi magofu yalikuwa mikononi mwa Idara ya Mambo ya Kale. Siku hizi yanasimamiwa na TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Mgeni hushangaa kidogo kusikia walinzi wa tembo wakilinda mihrabu, ila sababu zipo: wana askari, wana vyombo, wanajua kupokea watalii. Mashaka yangu ni mengine. Askari anamzuia mwizi wa mawe, lakini chumvi inayokula ukuta haiogopi gwanda. Huyo anayepambana na chumvi ni fundi, naye hana gwanda.

Sheria yenyewe ni ya mwaka 1964. Inasema kitu chochote kilichotengenezwa na mkono wa mtu kabla ya mwaka 1863 kina ulinzi wa serikali. Hata milango ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940 imo. Huchimbi bila leseni, husafirishi nje bila leseni. Kwa maneno ya kiongozi wangu, kijana mzaliwa wa kisiwani aliyenipokea gatini: "Kigae ukikiona, kitazame. Ukikiokota, umeanza kesi."

Mlango wa bahari baina ya Masoko na Kisiwani ni mwembamba, boti haichukui muda. Jengo la kwanza linalokulaki ni Gereza, ngome ambayo Wareno waliijenga walipoutwaa mji mwaka 1505 na Waomani wakaijenga upya karibu na mwaka 1800. Watalii hupiga picha lango lake lililochongwa. Mimi nilivutwa na moshi nyuma ya minazi, kwa sababu moshi ule ulikuwa wa chokaa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, lakini pita huku, hapo ulipo kuna chokaa mbichi, itakuunguza."

Tanuu la chokaa la pwani halihitaji tofali hata moja. Magogo hupangwa kwa duara, tabaka baada ya tabaka, yakiacha tundu katikati la kutilia moto. Juu yake hulundikwa mawe ya matumbawe. Moto ukishika, mawe huiva pamoja na kuni zinazoyabeba, na asubuhi unakuta lundo la mabonge meupe. Hapo ndipo kazi inapoanza. Mabonge humwagiwa maji, yakachemka yenyewe na kusambaratika, kisha unga wake hufunikwa na kuachwa miezi. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika na kushika. Fundi alinipitisha kwenye mashimo yake mawili, la chokaa ya zamani na la chokaa ya juzi, akanipa donge la kila moja niyafinyange. La zamani lilikuwa laini kama samli. La juzi lilikuwa na changarawe.

"Mradi ukija," akasema, "wanataka ukuta uishe kabla wafadhili hawajarudi kukagua. Chokaa haijui tarehe hizo. Basi tunatumia ya juzi." Akanawa mikono. "Tena mradi ukiisha, ukuta haujui kuwa mradi umekwisha."

Niliandika sentensi hiyo hapohapo, na kila nilipofika baadaye niliikuta mbele yangu.

Historia ya Kilwa katika vitabu vya UNESCO inaonyesha jambo hilohilo kwa tarehe. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakahamishiwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini: bahari ilikuwa inamega kingo, mimea inapasua kuta, majengo yanaanguka. Fedha zikaja, kutoka Ufaransa na Japani, baadaye Marekani. Mafundi wakafundishwa, kuta zikaegemezwa, mikoko ikapandwa ufukweni ipunguze nguvu ya mawimbi. Mwaka 2014, katika mkutano wa Doha, Kilwa ikaondolewa kwenye orodha ya hatari, nchi ikapongezwa, na ilistahili. Lakini mtu anayesoma habari ile gazetini anaweza kudhani kazi ilikwisha, kama mgonjwa anaporuhusiwa kurudi nyumbani. Kumbe mvua za masika ya 2015 zilinyesha juu ya kuta zilezile.

Msikiti Mkuu ndio unaofundisha vizuri zaidi. Sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11. Mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, uliongezwa ukumbi mpana upande wa kusini, wenye kuba juu ya nguzo. Ukumbi ule ulianguka. Ulikaa hivyo muda mrefu, mpaka karne ya 15 ulipojengwa tena, na nguzo za pembe nane unazozipapasa leo ni za ujenzi huo wa pili. Nilipenda kulijua hilo. Watu wa Kilwa wenyewe, katika siku za utajiri wao, walikuwa na gofu mjini na walihangaika kulikarabati. Hakuna wakati ambapo mji huu ulisimama wenyewe.

Kiongozi wangu alinionyesha mahali pa kutazama: chini ya ukuta, kimo cha goti, ndipo maji ya ardhini yanapopanda ndani ya jiwe. Jiwe la matumbawe limejaa vitundu. Linanyonya maji yenye chumvi, na maji yanapokauka chumvi hubaki na kukua kuwa punje. Ukuta uliopigwa lipu ya chokaa huyatoa maji hayo taratibu, na lipu yenyewe ndiyo inayoliwa. Ikiisha, unapaka nyingine. Ukipaka saruji, unafunga mlango. Maji hutafuta njia nyuma yake, punje za chumvi huvimba humo, na siku moja saruji hubanduka ikiwa nzima na ngumu, imeshikana na uso wa jiwe la karne ya 14. Kwenye magofu mengi ya pwani utaviona viraka hivyo vya kijivu vilivyotiwa zamani na watu waliotaka kusaidia. Tangu siku ile nikiona kijengo cha kale kimesilibwa saruji, hata kikipendeza, moyo unanishtuka.

Kisiwani wanaishi watu, jambo ambalo picha za Kilwa hazikuambii. Nyumba za udongo na makuti ziko katikati ya magofu, mbuzi wanapanda ngazi za kale, mihogo inastawi juu ya mitaa ambayo hakuna aliyewahi kuichimba. Nilikaribishwa na bibi mmoja barazani kwake. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kipande cha ukuta mnene, nacho kilishikilia kamba ya kuanikia nguo.

"Ukuta huu tumeukuta, mjukuu wangu," alisema. "Babu yangu naye aliukuta. Hatuugusi. Lakini choo changu kimejaa, na nikitaka kuchimba kingine naambiwa ningoje watu waje watazame kwanza kama chini kuna kitu. Chini kuna kitu kila mahali! Nitangoja mpaka lini?"

Sikuwa na la kumjibu, na nadhani hata waandishi wa sheria hawana la haraka. Anachosema ni kweli, na wanachokataza ni kweli pia: shimo moja la choo linaweza kupita katikati ya tabaka za miaka 800. Suluhisho lipo, tena si ghali: mtaalamu mmoja aliye karibu, anayefika ndani ya wiki, achimbe shimo hilo kwa utaratibu, aandike alichokiona, kisha bibi apate choo chake. Inahitaji mshahara wa mtu mmoja wa kudumu. Mishahara ya kudumu ndiyo isiyopata mfadhili.

Hata hivyo watu hawa ndio walinzi wa kwanza. Kijiji kina kamati ya magofu. Mikoko ya ufukweni ilipandwa kwa mikono yao. Kufyeka majani ndani ya kuta ni kibarua chao. Kufyeka kuna maarifa yake. Mche mdogo unaung'oa, lakini mti ambao mizizi yake imekwisha kuukumbatia ukuta ukiung'oa unaondoka na ukuta. Unaukata, unaachia mzizi ufe, unajaza chokaa pale ulipooza.

Tulipokuwa njiani kuelekea Husuni Kubwa, mtoto wa miaka kumi hivi alitufuata akafungua kiganja: sarafu mbili za shaba, zimekuwa kijani. Kiongozi wangu alimkemea kwa upole, akamwuliza amezipata wapi. Mtoto akaonyesha kwa mkono upande wote wa bahari.

Upande wote wa bahari! Ni katika jibu hilo ndipo hasara ilipo. Sarafu za Kilwa zina jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtukuza Mungu upande wa pili, pande mbili zikiwa na vina. Mwaka hazina. Mtaalamu akipewa sarafu ya Ali bin al-Hasan mkononi, anachoweza kusoma ni jina. Ni lini mtu huyo alitawala, sarafu haisemi. Kinachosema ni udongo ulioizunguka. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa katika miaka ya 1960 na kuchapisha vitabu vyake viwili vikubwa mwaka 1974, alimweka Ali bin al-Hasan karibu na mwaka 1200. Kisha mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ikachimbuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, na miongoni mwake zikawamo za mtawala mwenye jina hilohilo, zimechanganyika na dinari za dhahabu za Mafatimi. Dinari zina miaka. Ali bin al-Hasan akarudishwa nyuma mpaka karne ya 11, na historia ya mwanzo wa Kilwa ikaandikwa upya. Hilo halikuwezekana kwa sababu ya fedha ile kuwa ya thamani. Liliwezekana kwa sababu sarafu na dinari zilikutwa pamoja, mahali pamoja, na mtu akaandika hivyo.

Linganisha na sarafu tano za Kilwa zilizookotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Aliyeziokota, mwanajeshi Maurie Isenberg, alizitia kwenye kopo, akazisahau mpaka 1979 alipozipeleka zikatambuliwe. Alikuwa ameweka alama kwenye ramani, basi ufuko unajulikana. Lakini zilikuwa mchangani, pamoja na sarafu nne za Kiholanzi za karne za baadaye, na tangu hapo watu wanabishana zilifikaje: kwa jahazi la nani, karne gani, au kwa baharia aliyezibeba kama hirizi. Kila nadharia inaruhusiwa kwa kuwa hakuna tabaka la kuikataza.

Mtoto tulimpa maji ya kunywa na hatukununua kitu. Kununua ndiko kunakochimba.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo na mji, juu ya genge linalotazama bahari. Ni kasri la al-Hasan bin Sulaiman, zaidi ya vyumba mia moja, birika la pembe nane lililozungukwa na ngazi, na yaelekea halikumalizika kujengwa. Nitasema kweli, birika lile linafanya mtu asahau matatizo ya utunzaji. Kisha unasogea ukingoni na kuona genge limeliwa chini. Bahari haina haraka wala likizo.

Songo Mnara inataka boti ya injini nzuri na kujua maji. Tulifika maji yakiwa yametoka, tukashuka, tukapita kwenye mikoko matope yakitufika magotini. Huu ndio mji ninaoupenda kuliko Kisiwani, ingawa hauna jengo la kutisha kwa ukubwa. Ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14 ukaachwa mapema karne ya 16, hivyo haukujengewa juu. Unaingia kwenye nyumba ya mtu: daka, ua wenye ngazi za kukalia, sebule, vyumba vya ndani, zidaka ukutani, hata choo. Bibi wa Kisiwani angekiona choo hicho angesema neno.

Hapa ndipo kundi la Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones, pamoja na wenzao wa Tanzania, lilipochimba kuanzia mwaka 2009. Uchimbaji wao ulikuwa wa namna nyingine. Hawakukimbilia vyumba vyote. Walipekua viwanja vitupu kati ya nyumba, wakachukua sampuli za udongo wenyewe ili kemia yake ieleze wapi palipikwa, wapi palifugwa, wapi palipita watu. Ndani ya mji huu walipata lundo la sarafu za shaba zaidi ya 300, zote za aina ya Kilwa, mahali panapojulikana kwa kina na upana wake. Na mashimo waliyomaliza waliyafukia.

Mlinzi wa kijiji, mtu mzima mwenye kanzu iliyokunjwa kiunoni, alikuwa bado anashangazwa na jambo hilo. "Wamehangaika jua kali kutwa, wakafika chini, wakapiga picha, wakarudisha udongo. Sasa mgeni ataona nini?"

Nilimpa kisa cha Laetoli. Mwaka 1978 kundi la Mary Leakey lilifukua huko nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka zaidi ya milioni tatu na nusu iliyopita, kwenye majivu ya volkano. Mwaka uliofuata zikafunikwa mchanga wa mtoni na mawe. Mchanga ule haukuchekechwa, ulikuwa na mbegu za migunga. Migunga ikaota, mizizi ikashuka kuelekea nyayo. Katikati ya miaka ya 1990 serikali na Taasisi ya Getty walilazimika kufukua, kuiondoa miti mmoja mmoja, kuzitibu nyayo, kisha kuzifukia tena, safari hii kwa mchanga uliochekechwa na matandiko ya kuzuia mizizi. Kosa la awali halikuwa kuzifukia.

"Kwa hiyo walizika bila kuosha," akasema mlinzi. Sijasikia muhtasari bora zaidi.

Kilwa Kivinje nilipita tu wakati wa kurudi. Ni mji wa karne ya 19, mji wa pembe na watumwa, kisha mji wa Wajerumani na wa vita vya Majimaji. Haumo katika Urithi wa Dunia. Nyumba zake za ghorofa zinaanguka mbele ya macho, milango imebaki ikilinda vyumba visivyo na paa. Ukitaka kujua Kisiwani ingekuwaje bila mafundi wa chokaa, huna haja ya kukisia.

Nilirudi Dar es Salaam kutafuta upande wa pili wa habari. Shimo likishafukiwa, vitu huenda wapi? Jibu la sheria ni fupi: ni mali ya taifa, vinahifadhiwa. Ghala nililoruhusiwa kuingia sitalitaja, kwa kuwa hali yake si yake peke yake. Wenzangu waliofanya kazi katika nchi nyingine, hata za Ulaya, wananiambia rafu zimejaa kwao pia.

Aliyenipokea alikuwa mwanamke wa makamo, barakoa mdomoni, penseli sikioni. Nilimwita dada naye akaniita mwandishi, tukaelewana. Chumba kilikuwa kirefu, rafu mpaka darini, na juu ya rafu yalikuwamo masanduku ya mbao, ndoo za plastiki, na katoni za sabuni, biskuti na bia. Alinishushia moja. Ndani mlikuwa na mifuko ya nailoni iliyokakamaa, ukiishika inavunjika. Ndani ya mfuko, vigae. Juu ya vigae, karatasi yenye mistari ya samawati na maandishi ya kalamu ya wino yaliyobaki kivuli, kona zake zimetafunwa na wadudu.

"Kigae hakiozi," alisema. "Kimekaa ardhini miaka 600, kitakaa humu mingine 600. Kinachooza ni karatasi inayosema kimetoka wapi. Na karatasi ikioza, hicho ni kokoto."

Kazi yake ya kila siku ni hiyo: anashindana na wadudu kufikia karatasi. Anamimina mfuko mezani, anasoma kilichosomeka, anatafuta daftari la mchimbaji, anatafuta ripoti iliyochapishwa kama ipo, kisha anaandika lebo mpya mbili, moja ndani ya mfuko mpya na moja nje, kwa penseli, maana penseli haififii. Mfuko wa pili tulioufungua haukuwa na karatasi kabisa. Nilidhani umekwenda. Yeye alichukua kigae kimoja, akakigeuza upande wa ndani, akakisogeza kwenye taa. Kulikuwa na mraba mdogo unaong'aa, rangi ya vanishi, na juu yake herufi na tarakimu ndogo za wino mweusi: mahali, handaki, tabaka. Mtu fulani, miongo mingi iliyopita, alikuwa amekaa jioni kwenye kambi akiandika kila kigae kimoja kimoja, akikipaka vanishi chini ya wino na juu ya wino. Mfuko ukarudi kuwa ushahidi.

"Huyu nampenda," dada alisema. "Simjui, lakini nampenda."

Sarafu na vitu vya shaba vina ugonjwa wao. Chumvi ya bahari iliyojificha ndani ikikutana na unyevu wa hewa, shaba huanza kutoa unga wa kijani mpauko na kujila yenyewe ndani ya bahasha. Dawa yake ni ukavu: chombo kisichopitisha hewa na punje za silika za kunyonya unyevu. Punje zikishiba lazima zikaushwe kwenye joto na kurudishwa. Mtu asipokumbuka miezi michache, na Dar es Salaam hewa yenyewe ni maji, ugonjwa unaanza tena. Hapo tena nikamsikia fundi wa Gereza.

Nilimwuliza swali ambalo nadhani wengi wenye bajeti wanalo rohoni: kwa nini msitupe baadhi? Vigae elfu kumi vya chungu kilekile, visivyo na nakshi, vya kazi gani? Hakukasirika. Alisema huchagua, kwa sababu hakuna awezaye kuweka vyote, lakini huchagua kwa woga. Wachimbaji wa zamani waliona udongo ni takataka ya kumwaga; leo mbegu zilizoungua ndani ya udongo ndizo zinazoeleza watu walikula nini. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani ya Afrika Mashariki na bara lake, baadhi wakiwa wa Kilwa na Songo Mnara, na ukaonyesha kwamba upande wa akina mama asili yao ilikuwa zaidi ya Afrika, ilhali upande wa akina baba wengi walikuwa na asili ya Asia, hasa Uajemi, mchanganyiko ulioanza karibu na mwaka 1000. Ubishi wa vizazi kuhusu Washirazi na asili yao ya Uajemi ulipata ushahidi mpya kutoka kwenye mifupa ambayo wachimbaji wa mwanzo wasingeweza hata kuiuliza swali hilo. "Sasa niambie," alisema, "kigae kipi nikitupe kabla swali lake halijazaliwa?"

Msimamo wangu ni huu, na niliutoa mbele yake ili anikosoe. Leseni ya kuchimba isitolewe bila malipo ya rafu. Bajeti za uchimbaji nilizowahi kuziona zina nauli za ndege, maabara, chakula, hata fulana zenye nembo; ghala halimo, kana kwamba vitu vitaning'inia hewani. Anayechukua mita moja ya mraba ya ardhi ya Kilwa alipie masanduku, lebo, silika na mshahara wa kuvitunza kwa miaka mingi, fedha iwekwe kwenye mfuko usioguswa na kingine. Na nusu ya chokaa ya mradi wowote mpya iwe ya kulowekwa kwa ajili ya watakaokuja baada ya mradi.

Alinisikiliza, akanikosoa mahali pamoja. Alisema nimesahau walioko ndani ya nchi: wanafunzi wetu wanaochimba kwa ruzuku ndogo, ambao ukiwadai fedha ya rafu hawatachimba kabisa, tutabaki na wageni watupu mashimoni. Kwao, alipendekeza, malipo yawe kazi: kila mwanafunzi anayepewa leseni akae ghalani miezi kadhaa akifungua mifuko ya zamani kabla ya kujaza mipya. Niliona ni bora kuliko langu.

Tulikuwa bado kwenye hesabu hiyo honi ilipolia nje. Pikapu yenye tope la safari ndefu ilirudi nyuma mpaka mlangoni, turubai likafunuliwa: masanduku kumi na kitu kutoka uchimbaji uliomalizika huko kusini. Kijana aliyevaa kofia ya jua akaruka chini akaanza kuyashusha kwa bidii. Dada alimwekea mkono kifuani kabla hajavuka kizingiti.

"Shikamoo, dada," kijana akasema.

"Marahaba. Daftari liko wapi?"

Kijana alisema daftari liko kwa profesa, litakuja kwa barua pepe.

"Basi na masanduku yangoje kwenye gari," dada akamjibu, akavuta kiti akakaa mlangoni.